Dondoo muhimu: Kuufuatilia ukoo hadi kwa walowezi wa Mayflower

Anza na wewe, panda juu. Cheti chako, cha mzazi, cha babu, kizazi baada ya kizazi. Anayeanzia kwa abiria wa meli ya Mayflower akashuka huishia kujipachika kwenye ukoo wa watu. Abiria walikuwa 102 tu, na karibu nusu yao walifariki katika baridi ya kwanza kule Plymouth. Kufanana jina la ukoo si ushahidi.

Sensa ina mipaka. Ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kuorodhesha watu huru wote wa kaya kwa majina. Kabla ya hapo utamkuta mkuu wa kaya peke yake, basi.

Soma wosia hadi mwisho. Hapa ndipo penye utajiri. Baba anayemwachia binti yake ng'ombe au kitanda mara nyingi humtaja kwa jina la mumewe, na mama ambaye rejista zilimsahau anajitokeza ghafla.

Chunga tarehe. Hadi mabadiliko ya kalenda ya 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Mtoto wa Februari 1650 kwenye daftari la zamani, kwa hesabu yetu ni wa 1651. Ukikuta 1650/51, nakili hivyo hivyo.

Kwa vizazi vitano vya mwanzo, usihangaike: chama cha wazawa wa Mayflower, kilichoundwa 1897, kimevichapisha vitabuni pamoja na marejeo. Miti ya ukoo ya intaneti isiyo na hati ichukulie kama fununu tu.