Pindo, Mji na Jina: Kutengeneza Albamu ya Familia kwa Violezo vya Nyumbani

Katika kaya nyingi za kata zetu, picha za familia huhifadhiwa ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro au juu ya kabati. Humo hukutwa picha ya harusi ya babu na bibi, picha ya mtoto siku ya kipaimara au ya akika, na picha ya watu watatu waliosimama mbele ya nyumba ambao hakuna kijana wa leo awezaye kuwataja. Mzee aliyewafahamu akifariki, majina yao huzikwa pamoja naye. Picha hubaki, lakini haina tena la kusema.

Somo hili linaeleza namna ya kuzitoa picha hizo katika bahasha na kuzipanga katika albamu iliyopambwa kwa violezo na vifuniko ambavyo mkazi amevikata mwenyewe. Vifaa vya kununua ni vichache, na si lazima mtu awe msanii. Kinachohitajika zaidi ni muda wa kuketi na wazee wakiwa bado wapo.

Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Waliandika humo asili ya ukoo, majina ya ndugu na habari za utoto wa kila mtoto, ili atakayebaki asikose wa kumweleza. Kila familia, hata isiyo na mgonjwa, ina sababu ya kufanya vivyo hivyo.

Kiolezo na kifuniko

Kiolezo ni kipande cha karatasi ngumu au plastiki kilichokatwa tundu lenye umbo fulani: jani, nyota, herufi. Rangi ikipakwa juu yake hupita katika tundu na kuacha umbo hilo kwenye ukurasa. Waliosoma enzi za mashine za kurudufu mitihani wanazikumbuka stensili. Wino ulipita pale tu palipotobolewa. Kanuni ni ile ile.

Kifuniko hufanya kinyume. Ni kile kipande kilichodondoka wakati wa kukata tundu. Kikilazwa juu ya ukurasa na rangi ikapakwa kukizunguka, umbo lake hubaki jeupe katikati ya rangi. Hivyo mkato mmoja huzaa zana mbili, na fundi mzuri hatupi hata moja.

Ufundi huu ni wa kale. Katika mapango ya Maros, kisiwani Sulawesi nchini Indonesia, kuna alama za viganja vya watu walioweka mkono ukutani na kuuzungushia rangi. Alama mojawapo imepimwa na kuonekana kuwa na umri usiopungua miaka 39,900. Mkono wenyewe ndio uliokuwa kifuniko. Hapa kwetu mafundi wa batiki hufuata kanuni hiyo kila siku: nta iliyopakwa kitambaani huizuia rangi, na palipofunikwa hubaki kama palivyokuwa.

Mahitaji

1. Karatasi nyeupe nzito za ukubwa wa A4, au karatasi ya manila iliyokatwa kwa kipimo hicho.
2. Kartoni nyembamba, kama ya boksi la dawa ya meno au la sabuni, au jalada la plastiki la faili lililochakaa.
3. Wembe au kisu kikali chenye mshikio, mkasi, rula na penseli.
4. Kipande cha sponji, kama kile kinachotoka katika godoro kuukuu.
5. Rangi ya maji, mshumaa, na utepe wa kunata.
6. Uzi mnene na sindano ya kushonea kurasa.

Kazi ya wembe ifanywe na mtu mzima, juu ya ubao au kartoni nene, mkono wa pili ukiwa nyuma ya njia ya wembe. Watoto wapewe sponji na rangi.

Kukata kiolezo

Chora umbo kwa penseli juu ya kartoni, ukiacha ukingo wa sentimita 2 au zaidi pande zote ili rangi isivuke. Kata kwanza sehemu ndogo za ndani, kisha zile kubwa. Ukianza na kubwa, kartoni hulegea na ndogo hupinda. Kwenye mviringo, zungusha kartoni badala ya kuuzungusha mkono. Kiolezo cha kartoni kikiisha kukatwa, kisugue kwa mshumaa pande zote mbili. Nta huzuia maji ya rangi yasiingie, na kiolezo hudumu kwa kurasa nyingi.

Herufi zina mtego wake. Ukikata O mzima mzima, kipande cha katikati hudondoka na kuacha shimo la duara. Ndiyo maana herufi zenye tundu ndani yake, yaani A, B, D, O, P, Q na R, huachiwa vidaraja: vijiti vyembamba vya kartoni vinavyokishikilia kipande cha ndani. Upana wa milimita 3 unatosha. Maneno ya Kiswahili yamejaa irabu, hivyo herufi A ndiyo itakayotumika kuliko zote. Ikatwe kwa uangalifu na katika kartoni bora. Jina MARIAMU, kwa mfano, lina herufi tatu zinazohitaji vidaraja, yaani A mbili na R moja. Jina JUMA lina moja tu.

Andika alama ndogo kwenye upande wa juu wa kila kiolezo. Herufi kama A, M na U hazibadiliki zikigeuzwa, lakini N, S na R zikigeuzwa huandika jina kinyumenyume.

Kupanga ukurasa kama kanga

Wengi wanaoanza hujaza mapambo kila mahali mpaka picha ikapotea. Mwalimu wa kuondoa kasoro hiyo yumo sandukuni mwa kila mama. Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Ukurasa wa albamu upangwe vivyo hivyo.

Laza karatasi ya A4 kwa upana, sentimita 29.7 kwa 21. Pima pindo la sentimita 2 pande zote. Ndani itabaki nafasi ya sentimita 25.7 kwa 17. Picha ya kawaida ya sentimita 15 kwa 10 ikilazwa katika mji, hubaki sentimita 7 za kimo kwa ajili ya jina na nafasi ya kupumua. Kwa kipimo hicho, herufi zisizidi sentimita 2 kwa urefu.

Pindo lipambwe kwa kiolezo kimoja kinachorudiwa. Anza kwenye pembe nne, kisha songa kuelekea katikati ya kila upande, kwa sababu pasipolingana hapaonekani sana katikati kama panavyoonekana pembeni. Mji uachwe mweupe, au upakwe rangi hafifu kwa kutumia vifuniko. Jina liwe na habari: nani, wapi, mwaka gani.

Kupaka rangi

Kosa linaloharibu kurasa nyingi ni rangi kuwa nyingi mno, hata ikapenya chini ya kiolezo. Chovya sponji, kisha ligonge juu ya karatasi chakavu mpaka lionekane karibu kukauka. Bandika kiolezo kwa utepe, ukiugusisha kwanza kwenye nguo ili upungue kunata na usichune karatasi. Gonga rangi kwa wima, kuanzia ukingoni kuelekea ndani, usiburute. Ni afadhali kupaka tabaka mbili nyepesi kuliko moja nzito. Inua kiolezo moja kwa moja kwenda juu, ukifute kabla ya kukiweka mahali pengine, na uache ukurasa ukauke siku nzima kabla ya kuweka picha.

Ukurasa wa asiye na picha

Katika familia nyingi yuko mtu ambaye hakupigwa picha kamwe. Huyu asiachwe nje ya albamu. Ikiwa yu hai, alaze kiganja chake juu ya karatasi na mjukuu agonge rangi kukizunguka; kiganja cheupe kitakachobaki ni chake na si cha mwingine. Rangi iwe ile ya maji inayooshwa kwa sabuni, na mikono ioshwe mara moja. Ikiwa ameshafariki, kata kifuniko chenye umbo la kitu alichojulikana nacho: jembe, chungu, kofia, cherehani. Chini yake andika jina lake kamili, jina la baba yake na mama yake, na mahali alipozikwa.

Kuhifadhi picha na nyaraka

Picha halisi isibandikwe kwa gundi. Gundi ya unga wa ngano huwavuta mende na wadudu wengine, na picha iliyobandikwa haitoki tena bila kuchanika. Kunja vipande vidogo vya karatasi viwe pembe nne, ubandike pembe hizo kwenye ukurasa, kisha uchomeke picha ndani yake. Usitumie karatasi ya gazeti, kwani hubadilika kuwa ya manjano na kukatika baada ya muda. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino huweza kupenya au kuacha alama upande wa mbele.

Cheti cha kuzaliwa, hati ya ardhi na kadi ya kliniki visiwekwe katika albamu. Weka humo nakala, na vyeti halisi vihifadhiwe mahali pao. Albamu haichukui nafasi ya usajili: mzazi ambaye mtoto wake hajasajiliwa aulize utaratibu wa RITA katika ofisi ya mtendaji wa kata.

Albamu iliyokamilika ikae katika boksi lenye mfuniko, juu ya sakafu, mbali na moshi wa jiko, jua na paa linalovuja.

Maswali ya kumuuliza mzee

Ketini naye mkiwa na picha moja mkononi, mmuulize:

1. Hawa ni akina nani, kuanzia kushoto?
2. Ilikuwa wapi, na kulikuwa na jambo gani?
3. Nani alikuwepo siku hiyo lakini haonekani?
4. Nani kati yao amebaki, naye anaishi wapi?

Asipokumbuka mwaka, aulizwe jambo lililokuwa likitokea wakati huo, kama njaa, mafuriko au kuzaliwa kwa mtoto fulani. Penye shaka liandikwe neno "labda", na nafasi iachwe kwa atakayejua. Habari za ugonjwa au za ugomvi wa ndugu ziandikwe kwa ridhaa ya wahusika tu.

Zoezi

Kabla ya toleo lijalo, kila kaya ikamilishe ukurasa mmoja: pindo la kiolezo kimoja, picha moja au kiganja kimoja, na jina lililoandikwa kwa herufi za kukata. Uanze na mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani. Vikundi vya wanawake na vya vijana vinavyotaka kujifunza pamoja vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao. Kiolezo kimoja cha herufi A chaweza kutumiwa na kaya nyingi; kikisha kutumika, kipelekwe kwa jirani.