Paka Aliyezaliwa na Kasoro ya Mkojo au Uzazi: Kwa Wafugaji wa Hale

Hapa Hale, kuanzia kambi za mkonge hadi nyumba za jirani na kituo cha umeme cha Mto Pangani, paka hufugwa ili alinde mahindi yasiliwe na panya. Mtoto wa paka anayelowesha kila anapolala huonekana mchafu, hupigwa, kisha hutupwa. Tunaomba aangaliwe kwanza. Huenda kazaliwa hivyo.

Mgeuze chali penye mwanga. Manyoya ya nyuma yakiwa yameloa tangu utotoni, ilhali anakojoa pia kama kawaida, pengine mrija wa figo umekosa kuingia kibofuni na kufungukia chini zaidi. Mkojo ukichuruzika kitovuni, njia iliyopaswa kuziba kabla hajazaliwa imebaki wazi. Hali zote mbili ni za daktari, na mara nyingi hutibika kwa upasuaji.

Anayesahaulika zaidi ni dume. Akifika miezi 6 hadi 8 na mfuko una korodani moja tu, nyingine imekwama kinenani au tumboni. Wengi huridhika inapotolewa ile inayoonekana, halafu hushangaa dume wao aliyehasiwa bado ananyunyiza mkojo ukutani na kupigana usiku kucha. Korodani iliyofichika haitengenezi mbegu kwa sababu ya joto la mwili, lakini inaendelea kutoa homoni, na baadaye huweza kuota uvimbe. Daktari akitilia shaka, huangalia uume: vijimiba vikiwepo, korodani bado imo. Itafutwe, hata ikibidi kufungua tumbo. Dume wa namna hii asiachwe azalishe, maana anaweza kuwarithisha watoto kasoro hiyo.

Majike wachache hukosa upande mmoja wa mji wa mimba, wakati mwingine pamoja na figo ya upande huo. Ovari ya upande huo kwa kawaida ipo. Isipotolewa wakati wa kufunga uzazi, jike ataendelea kuingia kwenye joto. Figo moja nzima humtosha miaka mingi.

Akilia anapokojoa, usimpe panadoli hata kipande: humuua paka. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka apelekwe siku hiyo hiyo. Anza kwa afisa mifugo wa kata. Atakuelekeza kwa daktari wa mifugo Korogwe au Tanga mjini, na kesi ngumu hupelekwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.