KULA KWA MWENYEJI
Somo kwa wanaotumwa kujenga ng'ambo ya mpaka

Masomo: Luka 10:1-8, Danieli 1:8-16, Warumi 14:13-21, 2 Watesalonika 3:7-10



Inatokea kwamba parokia zetu zinaombwa kutoa watu wa kusaidia ndugu wa inchi jirani wanaojenga nyumba ya ibada. Wanaokwenda hawatafuti mshahara, wanatoa mikono yao. Kazi ya namna hiyo sisi Wakimbanguisti tunaijua. Hekalu la Nkamba, lenye nafasi ya watu 37.000, lilijengwa kati ya mwaka 1976 na 1981, na waamini wenyewe, wanaume kwa wanawake, walibeba mawe na mchanga. Basi hatuandiki hapa namna ya kubeba tofali. Tunaandika juu ya sahani, sababu ukuta unaweza kusimama sawa na kamba ya fundi, lakini udugu ukaanguka mezani.

Tuangalie kwanza neno la Bwana. Alipowatuma wale sabini, hakuwapa maagizo mengi. Aliwakataza kuchukua mfuko, akawafundisha salamu ya amani, na juu ya chakula alisema mara mbili: katika mstari wa 7 na tena katika mstari wa 8, wale kile wanachowekewa. Kwa nini mara mbili? Sababu mtu aliyekuja na mfuko wake hana haja na mwenyeji. Anatoa tu, hapokei. Na mtu asiyetaka kupokea chochote anajiweka juu ya yule anayemsaidia, hata kama hakusudii.

Sasa tufuate maneno yetu matatu: Upendo, Amri na Kazi.

1. UPENDO: kula kwa furaha

Tuchukue mfano wa karibu, Burundi. Mtu wa Uvira akivuka mpaka kule Kavimvira, anapita Gatumba na daraja la Rusizi, anafika Bujumbura. Hapo tumbo lake halishangai: bugali ya muhogo, sombe, ndagala na mukeke, sababu ziwa ni lile lile la Tanganyika. Lakini akipanda milimani, upande wa Gitega au Ngozi, chakula kinabadilika. Kule maharagi ndiyo mfalme. Yanapikwa pamoja na ndizi katika chungu kimoja, na mawese kidogo, au yanaletwa na viazi vitamu na lengalenga. Bugali haionekani kila siku.

Sisi watu wa Kivu tuna desturi ya kusema kwamba asiyekula bugali hajala. Neno hilo ni la mchezo kwetu nyumbani, lakini kwa mwenyeji ni jeraha. Mama aliyeloweka maharagi usiku kucha, akatafuta kuni, akakaa kwenye moshi saa nyingi, anasikia kijana anasema, "Mimi sijala." Mama huyo naye anajenga hekalu. Chungu chake ni sehemu ya ukuta.

Tulikuta mlimani kikundi kimoja kilichokuja na gunia lake la unga na sufuria yake, kikapika peke yake. Siku ya tatu wenyeji walikuwa wanafanya kazi upande mmoja, wageni upande mwingine, na salamu ilikuwa ya mdomo tu. Ndipo mama mmoja wa kikundi akabeba gunia akalipeleka katika jiko la wenyeji, akasema tupike pamoja. Kuanzia hapo ilikuwa bugali leo, ndizi na maharagi kesho. Vijana wetu waliomba kuongezwa maharagi, wa kwao wakaomba kuongezwa bugali. Kazi ikaenda mbio, sababu watu walikuwa wanaitana kwa majina.

Kwa hiyo tunashauri: jifunze kusema "murakoze", ndiyo asante ya Kirundi. Uliza chakula kinapikwa namna gani. Kula kile kilichopo, usilinganishe na cha kwenu.

2. AMRI: kukataa bila kuumiza

Furaha ya kula haifuti amri. Pombe, tumbako, nyama ya nguruwe na nyama ya nyani tunazikataa nyumbani, na mpaka wa inchi haubadilishi neno hilo. Ndugu wa Kanisa letu kule wanashika amri zile zile. Lakini kwenye kazi wanakuja vilevile majirani wa kilima, ambao si wa Kanisa letu, na jioni wanaleta heshima yao: urwarwa, ndiyo ile kasiksi ya kwetu, au impeke ya mtama. Kwao pombe ni salamu. Kuikataa kwa uso mkali ni kama kukataa mkono wa mtu.

Tufanye kama Danieli. Alikataa chakula cha mfalme, lakini hakumtukana aliyekileta. Alizungumza naye kwa adabu, akaonyesha kitu kingine, mboga na maji, akaomba wamjaribu siku kumi. Hivyo kiongozi wa kikundi awaambie wazee wa kilima siku ya kwanza, asingoje chungu kikiwa kimeshafika. Tena aombe kitu kingine mahali pake. Kule kuna umutobe, maji matamu ya ndizi mbivu kabla hayajachacha. Mwenyeji anafurahi kutoa, mgeni anafurahi kunywa, na amri inabaki salama. Lakini uombe wa siku hiyo hiyo, sababu umutobe ukikaa unageuka pombe. Na juu ya nyama, uliza kwa sauti ndogo ni nyama gani, kabla haijawekwa mezani.

Tena tusihubiri juu ya pombe mbele ya mtu aliyetukaribisha, kikombe kikiwa mkononi mwake. Warumi 14 inatufundisha kwamba chakula kisiwe sababu ya kumwangusha ndugu. Maisha yako ya majuma mawili bila pombe, ukifanya kazi kwa nguvu na kucheka na watu, yatahubiri yenyewe.

3. KAZI: usile chakula cha watoto

Neno la tatu ni zito. Paulo alikataa kuwalemea Watesalonika, akafanya kazi usiku na mchana. Tuhesabu: watu 20, kila mmoja akila gramu 200 za maharagi makavu kwa siku, ni kilo 4. Kwa majuma mawili ni kilo 56. Mwenyeji hatasema neno, atafungua ghala lake mpaka chini. Sisi tutarudi na shukrani, na watoto wake watabaki na njaa.

Kwa hiyo tuchague wakati. Milimani Burundi mavuno makubwa ya maharagi yanakuja karibu na mwezi wa Sita, kiangazi kinapoanza. Ndiyo saa nzuri pia ya matofali ya udongo, sababu yanakauka bila kunyeshewa. Lakini mwezi wa Kumi na wa Kumi na Moja mbegu ziko ardhini na ghala limepungua. Tukienda wakati huo, mzigo ni mara mbili.

Parokia itume pesa za chakula mbele, zifike kwa mama wanaosimamia jiko, wanunue katika soko la kwao. Na wanaume wachote maji, wapasue kuni, waoshe sufuria. Salongo haiishi kwenye ukuta.

Wapendwa, siku moja ndugu hao watakuja kwetu, kujenga au kuabudu. Watakaa mezani petu, na tutawapa tulicho nacho. Tuwapokee kama tungependa kupokewa.

Maswali ya kujibu katika vikundi:
1. Kwa nini Bwana alisema juu ya chakula mara mbili?
2. Ni neno gani la mezani hapa kwetu linaloweza kumuumiza mgeni au mwenyeji?
3. Parokia yetu ikitumwa mwaka huu, nani atahesabu chakula kabla ya safari?

Bwana abariki mikono inayojenga na mikono inayopika. Amina.