Dondoo Muhimu: Mbalanga Inapoingia Usoni

Mtu wa Ntimaru, Kenya, aonapo weupe umeanza kulizunguka jicho au pembe ya mdomo, jambo la awali, kabla ya kusikiliza ushauri wa sokoni wala kununua marhamu yoyote, ni kwenda kwa tabibu apimwe hisi za ngozi kwa kipande cha pamba. Kwani baka la mbalanga huhisi mguso kama kawaida, ilhali la ukoma aghalabu limekufa ganzi. Mbalanga haiambukizi, si kwa kikombe wala kwa kitanda: ni kinga ya mwili wenyewe inayozishambulia chembe zitiazo ngozi rangi.

Marhamu ya steroidi itumike kwa muda ulioandikwa na tabibu tu, maana ngozi ya uso ni laini. Na zile za kujichubua, zenye zebaki, ziepukwe kabisa. Tiba huchukua miezi, lakini uso huitika vyema kuliko vidole. Juani, kofia pana. Mwenye uchovu usioelezeka apimwe tezi ya shingo pia, kwa kuwa mbalanga na maradhi ya tezi hiyo huandamana wakati mwingine.

Ama macho ya watu, naona jibu fupi lililotayarishwa mapema lafaa kuliko mtandio. Michael Jackson, pamoja na utajiri wake wote, aliificha mbalanga kwa vipodozi hata alipoikiri mbele ya Oprah Winfrey mwaka 1993. Mwanafunzi naye asiachiwe kujieleza peke yake: mzazi amwendee mwalimu kwanza, darasa lielezwe.