Hisabati hujengwa Kidato cha Kwanza, si kambini

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, Hisabati hushika mkia. Katika matokeo ya mwaka 2022, kati ya kila watahiniwa watano ni kama mmoja tu aliyefaulu somo hilo. Mwaka uliofuata hali ilisogea kidogo, ikawa kama mmoja kati ya wanne. Shule zetu za Kiislamu haziko nje ya janga hili. Mtihani ukikaribia tunafungua makambi, tunakodi walimu, tunawafanyisha vijana mitihani ya miaka iliyopita usiku na mchana, kisha tunakusanyika kwa dua ya pamoja. Dua ni silaha ya Muumini na hakuna wa kuipinga. Lakini tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Mimi si mwalimu wa Hisabati. Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, na huenda msomaji akauliza nimeingiaje katika somo la watu. Jibu ni mirathi.

Nikifika kwenye mada ya mirathi, wanafunzi hupokea vizuri sana maelezo ya nani anarithi na nani hazuiliwi na nani. Wanazitaja aya za Suratun-Nisaa, ya 11, ya 12 na ya 176, bila kusitasita. Wanayajua mafungu sita yaliyotajwa ndani ya Qur'an: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Tunapoanza kugawa, darasa linanyamaza. Kijana anayeweza kukueleza masharti ya mume kupata robo hawezi kujumlisha robo na sudusi. Hapo tatizo si la dini. Ni somo la sehemu, ambalo alipaswa kulimaliza shule ya msingi na kuliimarisha Kidato cha Kwanza.

Tuchukue mfano. Mwanamke amefariki na kumuacha mume, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Baba yake alishatangulia. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, zimebaki shilingi 36,000,000. Mume ana robo kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Namba ndogo inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 ni 12. Basi mume anapata 3 katika 12, mama 2, na watoto 7. Lakini watoto wana mafungu matano, mawili kwa kila mvulana na moja kwa binti, na 7 haigawanyiki kwa 5. Tunazidisha 12 kwa 5, tunapata 60. Sasa mume ana 15, mama 10, kila mvulana 14 na binti 7. Kila fungu moja ni shilingi 600,000. Mume atachukua 9,000,000, mama 6,000,000, kila mvulana 8,400,000 na binti 4,200,000. Jumlisha uone kama kuna shilingi iliyopotea.

Hakuna hatua hata moja hapo iliyozidi Kidato cha Kwanza. Kinachofurahisha zaidi ni kuwa wanazuoni wa mirathi wanaiita ile 12 "aslul-mas-ala", yaani asili ya mas-ala. Na mtoto wetu wa shule ya msingi alipofundishwa sehemu aliambiwa namba ya juu ni kiasi na ya chini ni asili. Ni neno lile lile. Alifundishwa pia KDS, kigawe kidogo cha shirika, ambacho ndicho hiyo 12. Kwa hiyo alikuja sekondari na vifaa vyote vya kugawia mirathi mfukoni, ila hakuna aliyemwambia ni vya nini. Kisha Kidato cha Kwanza akakutana na mambo yale yale kwa majina ya Kiingereza, akadhani ni mambo mapya, na yale ya zamani akayatupa.

Vijana hawa ndio watakaoitwa kesho kwenye vikao vya familia baada ya maziko. Asiyeweza kugawa atakadiria, na katika kukadiria mara nyingi anayepunjwa ni binti au mama mzee, kwa kuwa hawana wa kuwapigia hesabu. Aya ya 13 na ya 14 za sura ile ile zinayaita mafungu haya mipaka ya Mwenyezi Mungu. Mtu anaweza kuivuka mipaka hiyo kwa dhulma, na anaweza kuivuka kwa kutojua kujumlisha.

Sasa tuangalie mada zenyewe zilivyopangwa. Kwa muhtasari uliotumika tangu mageuzi ya mtaala ya 2005, Kidato cha Kwanza wanafunzi wana sehemu, desimali, asilimia, uwiano na mwanzo wa aljebra. Kidato cha Pili kuna vipeo, milinganyo ya kipeo cha pili, logi na trigonometria. Kidato cha Tatu mfuatano wa namba, duara na Dunia kama tufe. Kidato cha Nne vekta, matriksi na mengineyo. Mtaala mpya umeanza kutekelezwa kwa awamu tangu 2024, na mada zinaweza kuhamishwa huku na kule, lakini hakuna mtaala utakaoweza kumfikisha mtoto kwenye matriksi kabla ya sehemu.

Chukua ile mada ya Dunia kama tufe, ambayo wanafunzi wengi huikimbia. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 39 mashariki, na Makka karibu nyuzi 40 mashariki. Ndiyo maana sisi wa pwani hii kibla chetu ni karibu kaskazini moja kwa moja. Ukitaka kujua umbali, Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta na Makka nyuzi 21 na kitu kaskazini. Kwa kuwa ni pande mbili tofauti, unajumlisha, unapata nyuzi 28 katika 360 za duara zima la Dunia, kiasi cha kilomita 3,100. Swali zuri, lenye kumgusa kila anayeswali. Lakini mwanafunzi asiyeelewa 28 juu ya 360 ina maana gani, hata ungemleta mwalimu kutoka Makka kwenyewe, ataishia kukariri kanuni na kuisahau mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Ajabu ni kwamba sisi Waislamu tunaijua kazi hii, na tunaifanya kila jioni madrasa. Hakuna ustadhi anayemkabidhi mtoto mas-hafu siku ya kwanza. Anaanza na herufi, anakwenda kwenye irabu, anaunganisha, anaingia Juzuu Amma, ndipo anapanda. Na kila mtoto ana mahali pake. Wawili waliokaa jamvi moja, mmoja yupo Suratul-Fiil na mwingine bado anahangaika na tanwini, na ustadhi hamvushi yule wa pili eti kwa kuwa mwezi umekwisha. Shuleni tunafanya kinyume. Kalenda ikisema wiki ya sita ni aljebra, wote arobaini na tano wanavushwa, aliyeelewa na asiyeelewa, na yule asiyeelewa hatarudi nyuma tena mpaka Kidato cha Nne atakapopelekwa kambini.

Ibn Khaldun aliliona hili zamani. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza kuwa elimu hufundishwa kwa hatua na kwa mizunguko mitatu: kwanza mambo ya msingi kwa muhtasari, kisha mwalimu anarudi na kufafanua zaidi, kisha anarudi mara ya tatu na kutoacha kigumu chochote. Anawalaumu walimu wanaoanza na mas-ala magumu, kwa kuwa mwanafunzi huchoka akili na kuichukia elimu yenyewe, ilhali kosa ni la ufundishaji.

Na kabla yake, Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun (813–833) kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alikipanga kwa ngazi. Anaanza na namba, kisha milinganyo sita, mitatu myepesi na mitatu migumu zaidi, kisha michoro ya kuonyesha kwa nini njia zake ni sahihi. Baada ya hapo anaingia kwenye biashara na upimaji wa ardhi. Sehemu kubwa ya mwisho ni hesabu za wasia na mirathi. Yaani alianza na namba akamfikisha msomaji kwenye haki za watu.

Kwa hiyo rai yangu kwa wakuu wa shule zetu, na najua wapo watakaonuna, ni hii: mwalimu wako bora wa Hisabati mpeleke Kidato cha Kwanza. Desturi yetu ni kumtunza kwa ajili ya Kidato cha Nne, na wale wadogo kuwaachia kijana aliyemaliza Kidato cha Sita anayesubiri chuo. Huko ni kumpa fundi bingwa kazi ya kupaua na msingi kumwachia saidia fundi. Ratiba nayo iwe na nafasi ya kurudi kwenye sehemu, uwiano na asilimia kila mwaka, kwa maswali magumu zaidi kila safari. Kidato cha Kwanza watoto wagawe urithi wa warithi wawili. Kidato cha Pili waingize herufi badala ya namba. Kidato cha Tatu wapewe mas-ala ya aul: mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Nusu na thuluthi mbili zikijumlishwa zinazidi moja, na inaelezwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.), baada ya kushauriana na Masahaba, alipunguza mafungu yote kwa uwiano, asili ikapanda kutoka 6 hadi 7, mume akapata 3 na dada 4. Mwalimu wa dini na wa Hisabati wakikaa nusu saa pamoja, somo hilo lipo tayari.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto anayefanya mtihani wa darasa la saba Septemba ana karibu miezi minne kabla ya kuanza sekondari Januari, na wengi wetu tunalipia masomo ya kujiandaa na Kidato cha Kwanza, ambayo huanza kwa kukimbilia mada mpya ili mtoto aonekane ametangulia. Mwambie mwalimu huyo arudi darasa la tano: sehemu, KDS, desimali na asilimia, kila jina kwa Kiswahili na Kiingereza. Na kabla ya kumlipa mwezi wa pili, mkalishe mtoto na mpe ule urithi wa shilingi 36,000,000 augawe.