SOMO: TAA INAFIFIA. JE, PANELI IMEKUFA?

Taa ikizimika mapema jioni, wengi husema, "Paneli imekufa," kisha huuza chakula ili wanunue nyingine. Ngoja kwanza. Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Mara nyingi ubaya uko kwenye uchafu, kivuli, waya au betri. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine.

1. SAFISHA. Osha paneli asubuhi kwa maji safi na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo kilichopata moto wa jua huweza kukipasua. Hapa Masinya jua hupita karibu na utosi, lakini usiilaze paneli kabisa. Iinamishe kidogo ili mvua iondoe vumbi.

2. ONDOA KIVULI. Vipande vya paneli ni kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo: mmoja akisimama, kazi hukwama. Jani moja la mgomba hupunguza umeme mwingi.

3. KAZA VIUNGO. Tenganisha paneli kwanza, kisha betri. Kwangua kutu, kaza nyaya, tazama fyuzi. Unaporudisha, anza na betri.

4. PIMA VOLTI. Mwite fundi mwenye mita saa sita mchana. Paneli ya volti 12 iliyotenganishwa huonyesha volti 18 hadi 22. Ikionyesha sifuri, huenda waya umekatika. Ikionyesha nusu, huenda dayodi iliyo katika kisanduku cha nyuma imeungua. Fundi anaweza kuibadilisha.

5. PIMA AMPEA. Volti peke yake hudanganya, kwani hata paneli ndogo huonyesha volti 20. Kwenye jua kali, paneli ya wati 50 hutoa karibu ampea 3, na ya wati 100 karibu ampea 6. Ikitoa nusu tu, imechoka, au maandishi ya nyuma si ya kweli.

HATARI: Usipime ampea za betri kwa njia hii. Mita itaungua, nawe utaumia.

6. PIMA BETRI. Betri ya tindikali iliyojaa na kutulia saa chache huonyesha karibu volti 12.6. Ikiwa imechajiwa kutwa nzima na bado iko chini ya 12, tatizo ni betri.

KUMBUKA: Ukienda kununua paneli Busia au Tororo, nenda mchana pamoja na fundi. Pima ampea juani kabla ya kutoa pesa.