Mlango Unaovuja Hewa: Jiko la Peleti kwa Wageni wa Maine

Waafrika Mashariki wengi wanaohamia Lewiston au Portland, katika jimbo la Maine huko Marekani, huanzia kwenye fleti ambako joto hutoka ukutani bila mpangaji kujua linatengenezwa wapi. Bomba linagonga usiku, chumba kinapata moto, basi. Jiko la peleti huja baadaye, familia ikishashika kazi, watoto wakishaongezeka, na nyumba yenye uwanja ikapatikana ng'ambo ya mto Androscoggin upande wa Auburn, au nje zaidi kuelekea Lisbon na Sabattus. Hapo mtu aliyekulia Uvira, Kigoma au Bujumbura anakabidhiwa sanduku la chuma lenye mlango wa kioo, waya wa umeme na feni inayovuma. Mwenye nyumba anamwonyesha kitufe cha kuwashia, anaaga, anaondoka.

Peleti zenyewe hazina fumbo. Ni vumbi la mbao lililokandamizwa kwa mashine hadi likawa vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Maine ni jimbo la misitu, karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni miti, na viwanda vya peleti vipo humo humo. Mfuko mmoja una pauni 40, yaani kilo 18, na tani ya Kimarekani ni mifuko 50. Anayenunua mwezi wa nane au wa tisa huhangaika kidogo kuliko anayekumbuka theluji ikiwa tayari mlangoni.

Kinachomchanganya mgeni ni namna jiko hili linavyopumua. Mtu aliyezoea jiko la mkaa anajua kwamba moto ukizubaa unaupepea, unaufungulia mlango wa chini, unaupa hewa zaidi. Jiko la peleti halitaki hayo. Lina feni inayosukuma moshi nje kupitia bomba, na kwa kufanya hivyo inavuta hewa safi iingie ndani. Hewa hiyo inatakiwa kupita kwenye matundu ya kikombe cha moto, mahali ambapo peleti huangushwa kidogo kidogo na skrubu ndefu ya kulishia. Njia zaidi ya hiyo ni zile chache tu ambazo mtengenezaji aliziacha kwa makusudi. Hewa ikipata mwanya mwingine, kwa mfano pembeni mwa mlango, hupita huko kwa kuwa ni rahisi zaidi, na moto unabaki na njaa.

Kizuizi cha mwanya huo ni gasketi: kamba ya nyuzi za kioo iliyosokotwa, imegandishwa kwa gundi kwenye mfereji unaozunguka mlango kwa ndani. Ikiwa mpya ni laini na imejaa. Baada ya misimu kadhaa ya kubanwa na kuchomwa huwa bapa, ngumu, mara nyingine imekatika kwenye kona au inaning'inia upande wa chini kama uzi wa shati lililochakaa. Bei yake, pamoja na gundi, kwa kawaida ni dola 20 hadi 40. Fundi akiitwa nyumbani, kumlipa tu kunaweza kupita dola 100.

Dalili za gasketi iliyokufa huonekana kabla ya mtu kuigusa. Mwali unakuwa mrefu, wa rangi ya chungwa iliyokolea, unayumba kivivu badala ya kucheza kwa nguvu. Kioo kilichofutwa asubuhi kina masizi meusi kufikia jioni. Peleti zinabaki nusu, na kwenye kikombe panajengeka mabonge magumu ya majivu. Mara nyingine jiko linajizima lenyewe, kwa sababu majiko mengi yana swichi inayopima mvuto wa hewa ndani na kusimamisha ulishaji mvuto ukipungua. Hata hivyo, dalili hizo hizo huletwa pia na bomba la moshi lililoziba au feni iliyojaa majivu. Usafi uanze kwanza, kisha gasketi ipimwe.

Kuna kipimo cha noti, na mafundi wa huko hukitumia kila siku. Jiko likiwa baridi kabisa, noti ya dola moja inawekwa kati ya mlango na fremu, nusu ndani, nusu nje, mlango unafungwa kwa komeo lake, kisha noti inavutwa. Ikikataa, au ikitoka kwa kusitasita na mtu akaihisi kamba ikiishika, mahali hapo pazima. Ikiteleza bila kipingamizi, hapo panavuja. Zoezi linarudiwa kila sentimita kadhaa: upande wa bawaba, upande wa komeo, juu, chini, na hasa kwenye kona. Wenye ubani nyumbani wana kipimo cha pili. Jiko likiwaka, kijiti kinachofuka kinapitishwa taratibu pembezoni mwa mlango, na moshi unaopinda ghafla na kufyonzwa ndani unaonyesha mwanya ulipo.

Kabla ya kushika bisibisi, swali la kwanza ni jiko ni la nani. Kwa mpangaji, hii ni kazi ya mwenye nyumba, na hakuna ushujaa wowote katika kuifanya kimyakimya. Sheria ya Maine inataka mfumo wa joto wa nyumba ya kupanga uweze kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri za Fahrenheit. Apigiwe simu, lakini pia aandikiwe ujumbe wenye tarehe na picha ya kamba iliyochakaa, nakala ibaki. Akizungusha maneno, Pine Tree Legal Assistance hutoa msaada wa kisheria bure kwa watu wa kipato cha chini jimboni humo, na simu ya 211 humwelekeza mtu kwenye huduma za eneo lake. Kwa familia zinazoelemewa na gharama ya kupasha nyumba joto, upo pia mpango wa HEAP unaosimamiwa na MaineHousing, na peleti zimo miongoni mwa nishati zinazosaidiwa.

Aliyenunua nyumba yake, au aliyepewa ruhusa kwa maandishi, aanzie dukani. Kosa la kawaida ni kupima kamba ya zamani kwa jicho. Ile imeshabanwa miaka, upana wake unadanganya. Afadhali kutafuta kibao cha namba ya modeli, ambacho mara nyingi kiko nyuma ya jiko au chini ya kifuniko cha tangi la peleti, kisha kusoma kitabu cha maelekezo. Unene hutajwa kwa inchi: 3/8, 1/2, 5/8. Ikizidi unene, mlango hautafungika na kulazimisha kutapinda bawaba au kupasua kioo. Ikipungua, kazi yote ni bure.

Jiko lizimwe kwa kitufe chake, moto uishe, feni isimame yenyewe. Kulichomoa umeme likiwa linawaka ni hatari, kwa kuwa feni ikisimama moshi unarudi sebuleni. Likishapoa ndipo waya unachomolewa. Mlango unaonyanyuka kwenye bawaba ulazwe juu ya blanketi kuukuu, kioo kisikwaruzike. Kamba ya zamani inang'olewa kwa plaisi na bisibisi bapa, kisha gundi kavu inakwanguliwa kwa brashi ya waya mpaka mfereji uonekane chuma kitupu. Wengi huchoka hapa na kuacha mabaki, na gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani. Glavu, miwani na barakoa si mapambo, nyuzi za kioo zinawasha ngozi na koo. Kama ndani ya nyumba kuna jiko la kuni la zamani sana, kamba yake isiguswe kabla ya kuchunguzwa, maana baadhi ya gasketi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi.

Kamba mpya inalazwa kwanza bila gundi, kwa kupimia. Isivutwe: ikivutwa inakonda, na baadaye hujikunja na kuacha pengo. Pale pa kukata panazungushiwa utepe wa kunata, mkasi unapita katikati ya utepe, ncha zisifumuke. Ndipo gundi ya kuhimili moto mkali inapakwa ndani ya mfereji, kamba inakandamizwa kwa kidole hatua kwa hatua, na ncha mbili zinakutanishwa uso kwa uso bila kupandana. Gundi ikimwagika juu ya kamba, huifanya iwe ngumu kabla ya wakati.

Kamba bapa inayoshika kioo ni kitu kingine, na hapa uangalifu unahitajika. Majiko mengi yameachiwa mwanya wa makusudi kwenye ukingo wa kioo ili hewa ishuke na kukisafisha. Mtu mwenye bidii akiuziba, kioo kitakuwa cheusi zaidi ya mwanzo. Ukaguzi huo huo ufike kwenye mlango wa sinia la majivu na kifuniko cha tangi, ambavyo katika modeli nyingi vina gasketi zake.

Mlango ukirudishwa, karatasi ya nta iwekwe kati ya kamba na fremu, ufungwe, gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi saa 24. Moto wa kwanza uwe mdogo na dirisha liwe wazi kidogo, kwa sababu gundi hutoa harufu ikipata joto. Kengele ya kaboni monoksidi iwe inafanya kazi. Nyumba za kupanga za Maine zinatakiwa kisheria kuwa nayo, na mwenye nyumba yake mwenyewe hana sababu ya kuikosa.

Mlango utakuwa mgumu kufunga siku za mwanzo. Kamba inapolala, baada ya wiki mbili tatu za moto, komeo huenda likalegea. Majiko mengi yana skrubu au nati ya kulikaza, basi noti ya dola ipitishwe tena pande zote nne, na komeo likazwe kidogo kidogo mpaka noti ishikwe.